Barua zenu: Wanahubiri malipo ya haki, intani wao je?

Safari hii barua nyingi zimekuja na mada moja, intanshipu kwenye mashirika ya maendeleo ya jamii na biashara ya haki, yaani hawa wanaouza kahawa, kakao, vikapu na vitambaa kwa masharti kwamba mkulima na fundi wasipunjwe. Nimechukua chache zinazowasemea wengine, nyingine nimezipunguza maana kuna mtu kaniandikia kama anaandika wosia. Haya twende.

Shikamoo Shangazi. Niko mwaka wa tatu nasomea biashara, nimeona tangazo la intanshipu ya miezi mitatu kwenye shirika linalofanya kazi na vikundi vya wasuka vikapu na wakulima wadogo. Wameandika "utasaidia shughuli mbalimbali za ofisi na jamii". Sasa hizo mbalimbali ndo zipi? Sitaki miezi mitatu ya kutoa fotokopi. – Mwaka wa Tatu

Marahaba mwanangu. Ukiona "shughuli mbalimbali" jua bado hawajakaa chini kupanga utafanya nini. Sio lazima wawe watu wabaya, ofisi hizi mara nyingi zina watu wachache na kila mmoja kashika kazi za watatu. Waandikie kabla hujaomba, uliza mambo mawili tu: nani atakuwa msimamizi wangu wa kila siku, na siku naondoka nitakuwa nimewaachia kitu gani kilichokamilika. La kwanza watajibu fasta. La pili ndo linawapima. Wakisema "utatuachia jedwali la gharama za bidhaa zetu zote" au "utatupangia faili za ukaguzi" nenda. Wakisema utapata uzoefu mzuri uliza tena, na wakirudia hilo hilo endelea kutafuta kwingine.

Sasa kazi zenyewe. Wengi mnajiona mko kijijini mmezungukwa na akina mama wanaimba, lakini ukweli siku nyingi utakuwa na makaratasi, na mi naona utamu wa kazi uko hapo hapo, kwa sababu haki kwenye biashara hii inakaa kwenye bei, kwenye tarehe na kwenye saini, bango ni pambo tu.

Chukua oda ya vikapu. Mnunuzi wa ng'ambo kaagiza vikapu mia tano, shirika linatakiwa kukaa na kikundi wakubaliane bei, na ili bei ieleweke lazima mjue kikapu kimoja kinakula saa ngapi. Anatumwa nani akahesabu? Intani, na daftari na simu yake. Unafika unamkuta mama kashaanza kitako cha kikapu, unabonyeza saa, kinaisha, unaandika, unaondoka umefurahi. Hapo ushamwibia bila kujua. Hujahesabu kukata majani, kuyachana, kuyaanika, kuyachemsha kwenye rangi, kuyaanika tena, kuyaloweka ili yalainike, na saa zote hizo kuna mtu anazifanya, tena pengine usiku baada ya kazi za nyumbani. Af kuna hili la pili ambalo hata waliokaa kazini miaka linawaponyoka: kikundi kikiambiwa mgeni anakuja kupima muda kinamkalisha mbele msukaji wao hodari kuliko wote, kwa heshima tu, ndo uonyeshwe kazi nzuri. Bei ikipangwa kwa mkono wake yeye, bibi mwenye vidole vizito atalipwa nusu ya saa zake. Kwa iyo pima watu tofauti, mwepesi na mzito, anayejifunza na mzoefu, na uanzie kwenye majani yakiwa bado shambani. Hesabu ikibadilika, bei inabadilika, na hiyo ni kazi ya intani wa mwaka wa tatu.

Kazi nyingine ni tarehe. World Fair Trade Organization, wengi wanaiita WFTO, ni umoja wa dunia wa mashirika ya biashara ya haki, ina kanuni kumi, na mojawapo inasema bidhaa za mikono zikiagizwa, wazalishaji wakiomba, mnunuzi anatanguliza angalau asilimia 50 ya malipo bila riba. Sababu yake ni ya kawaida kabisa, mtu asiye na akiba hawezi kununua malighafi ya oda kubwa akasubiri mzigo upande meli ndo alipwe, atakwenda kukopa na riba itakula faida yote. Sasa kaa na ankara za mwaka mzima upande huu, na daftari la mweka hazina wa kikundi upande huu. Ankara inasema malipo ya awali yametoka tarehe fulani. Daftari linasema pesa imefika lini? Kama kati ya hapo kuna wiki sita, hizo wiki sita zilikuwa wapi? Intani akiweka tarehe mbili mbili za kila oda kwenye jedwali la kurasa mbili atakuwa ameandika kitu ambacho mkurugenzi atakisoma hadi mwisho, nakuhakikishia, na pengine kitamkosesha raha.

Ukiangukia upande wa ushirika wa wakulima basi tegemea mihtasari ya mikutano. Kwenye mfumo wa Fairtrade, ile nembo ya biashara ya haki inayowekwa kwenye bidhaa, juu ya bei kuna hela ya nyongeza inaitwa premiamu, kwa kahawa ni senti 20 za dola kwa kila ratili, na angalau robo yake inatakiwa iende kwenye kuongeza ubora na mavuno, iliyobaki wanachama wanaamua wenyewe kwa kura kwenye mkutano mkuu. Mkaguzi akija anataka kuona walivyoamua, na ule muhtasari mara nyingi umeandikwa kwa mkono. We ndo utauchapa. Ukichapa usiwe mashine, angalia orodha ya mahudhurio wanawake wangapi, halafu angalia hoja zilizopita zilitolewa na nani. Ukikuta wanawake wamejaa kwenye mahudhurio na kwenye hoja hamna hata jina lao moja, muulize msimamizi wako, kwa adabu, mbona hivi.

Fotokopi utatoa tu, usijidanganye. Ila zisizidi.

Shangazi za kazi. Niko mwezi wa pili wa intanshipu, silipwi, hata nauli natoa mfukoni. Juzi nimepewa kazi ya kutengeneza bango limeandikwa "Kila kazi ina thamani yake". Nikamuuliza bosi kuhusu posho akasema fedha za wafadhili haziruhusu. Kweli haziruhusu au napigwa? – Nauli Imeisha

Nimecheka bango, af nikasoma tena barua nikaacha kucheka.

Kwanza alichosema bosi wako kinaweza kuwa kweli. Hela ya mfadhili inakuja imeshagawanywa kwenye mafungu, hili la mafunzo, hili la usafiri wa maafisa, hili la mashine, na kuhamisha toka fungu moja kwenda jingine kunahitaji ruhusa ya maandishi. Kama hamna fungu la intani basi hamna. Lakini lile andiko la kuomba fedha halikushuka kutoka mbinguni, kuna mtu aliliandika na hakuweka mstari wa intani, na mwakani ataandika tena. Kwa iyo swali lako kwa bosi lisiwe "kwa nini silipwi", ulizia andiko linalofuata linapelekwa lini na kama unaweza kusaidia kuandaa sehemu ya posho za intani. Wewe pengine haitakukuta, atakayekuja nyuma yako itamkuta.

Upande wa sheria inategemea uko nchi gani na unahesabika nani. Ufaransa mafunzo yakizidi miezi miwili kwenye mwaka mmoja wa masomo lazima mwanafunzi alipwe kiasi kilichowekwa, na mkataba unasainiwa na pande tatu, chuo, mwanafunzi na anayempokea. Uingereza intani anayehesabika kama mfanyakazi anapata kima cha chini cha mshahara, ila mwanafunzi anayefanya mafunzo yaliyomo kwenye kozi yasiyozidi mwaka hana haki hiyo, na mashirika ya hisani yameachiwa mlango, wanaweza kuwa na mtu wa kujitolea wakamrudishia gharama zake tu. Marekani kwenye kampuni za kibiashara mahakama zinaangalia nani ananufaika zaidi, we unayejifunza au wao wanaopata kazi ya bure. Mlango kama ule wa mashirika ya hisani uko sehemu nyingi na ndo maana sekta hii imejaa intani wasiolipwa, hata sekretarieti ya Umoja wa Mataifa kwa miaka mingi imekuwa haiwalipi wake wakati ILO, yaani Shirika la Kazi Duniani, ambao ni ndugu zao humo humo, wanawalipa.

Sasa nikuambie ninavyoona mimi, na najua kuna wakurugenzi wanasoma hapa watanuna. Kati ya zile kanuni kumi za WFTO, ya kwanza kabisa ni kutengeneza nafasi kwa wazalishaji waliowekwa pembeni kiuchumi, na ya nne ni malipo ya haki. Shirika likichukua intani siku tano kwa wiki bila hata nauli, anayeweza kuvumilia ni yule ambaye nyumbani wanamtumia hela. Mtoto wa mkulima, yule yule ambaye shirika linasema lipo kwa ajili yake, hawezi kuomba nafasi hiyo. Miaka kumi ikipita unakuta ofisi nzima inayopanga bei za wakulima imejaa watu ambao hakuna aliyewahi kusubiri hela ya mazao. Mi sikubali kwamba hilo ni jambo dogo la kiutawala. Shirika lisilo na hela lina njia zake, lipunguze siku ziwe mbili au tatu ili mtu apate kibarua kwingine, lirudishe nauli, liruhusu zile kazi za komputa zifanyiwe nyumbani. Kurudisha nauli hamna mfadhili atakayekasirika.

Mwandikie bosi, usiongee mlangoni. Andika hivi: "Habari za kazi. Naomba tuzungumze dakika kumi kuhusu ratiba yangu. Napenda kazi ninayofanya na nataka kuimaliza vizuri, lakini nauli ya siku tano imenishinda. Napendekeza nije ofisini siku tatu na jedwali la gharama nilifanyie nyumbani siku mbili, au nirudishiwe nauli kwa risiti. Nipo tayari kwa pendekezo jingine." Umempa njia mbili na zote hazimvunjii heshima. Akikataa zote bila kutoa ya tatu, maliza mwezi ulioahidi, chukua barua yako, ondoka. Na lile bango lipeleke bila kubadilisha neno, litundikwe, watu walisome.

Habari Shangazi, mi nimesomea uhasibu na sio maendeleo ya jamii. Naona matangazo yote yanataka "shauku ya maendeleo". Niombe au nisijisumbue? – Mhasibu

Omba, tena leo. Wenye shauku wamejaa, wanaojua kulinganisha daftari na taarifa ya benki wachache mno. Kwenye barua yako usiandike kwamba unapenda kusaidia watu, andika kwamba unaweza kukaa na mweka hazina wa kikundi mkafunga hesabu za mwezi pamoja mpaka aweze kufanya mwenyewe.

Shangazi shikamoo. Nilikuwa kwenye interviu wakaniuliza tofauti ya Fairtrade na WFTO nikababaika, nikasema ni kitu kimoja. Kisha wakauliza bei ya soko ikipanda juu ya bei ya chini mkulima anafaidika nini na cheti, hapo ndo nikanyamaza kabisa. Nafasi nimekosa. Nina interviu nyingine karibuni, nisaidie. – Nimenyamaza

Marahaba, pole. Umeulizwa maswali mazuri lakini, inaonyesha hao watu wanajua kazi yao.

Fairtrade inaangalia bidhaa. Kahawa hii, ndizi hizi, zimepitia mlolongo unaofuata viwango, ndo zinawekewa ile nembo. Fairtrade International makao yake ni Bonn, Ujerumani, iliundwa 1997 kuunganisha nembo za nchi mbalimbali zilizokuwa zinajiendesha kila moja kivyake, ya kwanza kabisa ikiwa Max Havelaar ya Uholanzi iliyoanza 1988 na kahawa ya wakulima wadogo wa Mexico. Ukaguzi unafanywa na FLOCERT. WFTO wao wanaangalia shirika zima, kuanzia uongozi, malipo, jinsia mpaka mazingira, wakilipima kwa zile kanuni kumi, na walianza 1989 wakiitwa IFAT. Kwa iyo kampuni kubwa ya chokoleti inaweza kuwa na bidhaa moja yenye nembo ya Fairtrade na nyingine kumi hazina, lakini haiwezi kuwa mwanachama wa WFTO kwa sababu ya bidhaa moja. Kikundi cha ufundi kwa kawaida utakikuta upande wa WFTO maana ni ngumu kuweka bei moja ya dunia kwa kikapu. Halafu Marekani utakuta nembo ya tatu, Fair Trade USA, walijitoa Fairtrade International 2011 wakitaka pia mashamba makubwa ya kahawa yapewe cheti, jambo ambalo wenzao wanawaachia vyama vya wakulima wadogo. Ukiulizwa hili usichukue upande kabla hujajua waliokuuliza wako wapi, we eleza ubishi ulikuwa nini.

Swali la pili. Bei ya chini ni sakafu, mnunuzi haruhusiwi kulipa chini ya hapo. Kwa kahawa aina ya Arabika iliyooshwa Fairtrade waliipandisha Agosti 2023 kutoka dola 1.40 hadi dola 1.80 kwa ratili. Soko likiwa chini ya hapo mnunuzi analipa 1.80, soko likiwa juu analipa bei ya soko, na premiamu ya senti 20 inaongezwa vyovyote iwavyo. Sasa Februari 2025 soko la New York lilivuka dola 4. Sakafu hapo haimsaidii mtu, faida iliyobaki ni premiamu, mkataba wa kueleweka na haki ya kuomba malipo ya awali. Tena hapo ndo unaweza kuwaonyesha kwamba umefikiri, kwa sababu bei ikipaa ushirika unaingia kwenye matatizo yake. Mlanguzi anafika shambani na hela mkononi, mkulima anauza pale pale, na ushirika uliosaini kupeleka makontena kadhaa miezi iliyopita unabaki hauna kahawa ya kujaza. Kwa hiyo usiseme bei ikipanda wote wanashangilia.

Na hili watu wengi wanalikosa: ile bei inalipwa kwa ushirika, sio mkononi mwa mkulima. Katikati hapo kuna kukoboa, usafirishaji, madeni ya ushirika, mishahara ya ofisi. Ushirika unaoendeshwa vizuri unapitisha sehemu kubwa, unaoendeshwa vibaya cheti hakitauokoa. Sema hivyo kwenye interviu, kwa sauti ya kawaida tu, utaona wanainua kichwa.

Wakikuuliza kama chokoleti yenye nembo lazima iwe na kakao ya mkulima wa Fairtrade ndani yake, jibu ni sio lazima. Kwa kakao, chai, sukari na juisi kiwanda kinaruhusiwa kuchanganya, ilimradi kiasi kilichonunuliwa kwa masharti ya Fairtrade kilingane na kiasi kilichouzwa na nembo. Kahawa na ndizi hapana, hizo zinafuatiliwa zenyewe mpaka mwisho.

Shangazi nina dukuduku. Kazi yangu ya intanshipu ni kuandika hadithi za akina mama wa kikundi kwa ajili ya wanunuzi na wafadhili. Nimeandika ya mama mmoja fundi wa kufuma, bosi karudisha anasema haina hisia, niongezee alivyokuwa anateseka kabla hatujaja. Mama mwenyewe hakuniambia hayo, aliniambia kuhusu kufuma. Nifanyeje? – Mwandishi Mdogo

Usiongeze kitu ambacho hakusema. Hapo hamna mjadala.

Ila najua huwezi kumjibu bosi hivyo ukabaki na amani, kwa iyo tuone njia. Bosi wako anataka msomaji asimame, na yeye njia anayoijua ni machozi. Mpe njia nyingine. Rudi kwa yule mama umuulize vitu ambavyo fundi tu ndo anaweza kujibu: uzi gani unamsumbua, anajuaje kwamba mstari umepinda kabla hajaona kwa macho, mara ya mwisho kukataa oda ilikuwa lini na kwa nini. Hili la kukataa oda usilipuuze. Mtu anayesema "walitaka vitambaa mia mbili kwa wiki mbili nikawaambia haiwezekani, wakaongeza muda" amekueleza habari yote ya biashara ya haki bila wewe kuandika neno uwezeshaji hata mara moja. Ukiweka na malipo ya ile oda, akikubali yatajwe, msomaji atasimama tu.

Halafu nina wasiwasi na kitu ambacho hukukitaja, ridhaa. Je anajua picha yake inakwenda wapi? Kusaini fomu kwa lugha asiyoisoma sio ridhaa. Mweleze kwa lugha yake kwamba picha itaonekana na watu wa nchi nyingine, itakaa kwenye intaneti miaka, anaweza kukataa, anaweza kubadili mawazo baadaye, na akikataa oda zake hazitaguswa. Hili la mwisho lisemwe wazi kabisa na lisemwe na mtu mwenye mamlaka ya oda, maana we intani hata ukimhakikishia yeye anajua huna nguvu hiyo, na mtu ambaye riziki yake inapitia mikononi mwenu hawezi kusema hapana kirahisi. Ukimaliza kuandika msomee. Wengi watacheka, watasahihisha jina la rangi au idadi ya watoto, na mara nyingine watasema hapo toa. Unatoa.

Mpelekee bosi toleo jipya na maelezo mafupi chini kwamba umemsomea mama na amekubali kila kilichomo. Bosi kurudisha kitu kilichokubaliwa hivyo ni ngumu kidogo.

Habari. Nimepata imeili ya shirika la nje, wananipa nafasi ya kujitolea kwenye mradi wa biashara ya haki, lakini nilipe kwanza ada ya usajili kabla ya interviu. Ni kawaida? – Msomaji

Sio kawaida, usitume hata senti. Kuna programu za kujitolea za kweli zinazotoza hela, lakini hela hiyo ni ya malazi, chakula, bima, mafunzo, ina mchanganuo na inalipwa baada ya kukubaliwa na kusaini. Hela ya kuruhusiwa kuongea nao tu ni wizi wenye barua yenye nembo. Na hata wakiwa wa kweli, uliza viza gani, kwa sababu nchi nyingi kujitolea kwenye shirika kunahesabika kama kazi na ukiingia na viza ya utalii ukikamatwa utarudishwa wewe, sio wao.

Shangazi swali fupi. Nikimaliza hii intanshipu wataniajiri? Na kama hawataniajiri niende wapi na uzoefu huu? – Namalizia

Hapo hapo ulipo matumaini ni madogo, wanategemea mradi na mradi una mwisho. Ila usitafute kwenye mashirika ya aina hiyo tu. Kampuni za kuuza nje kahawa na kakao zinahitaji watu wa kusimamia vyeti, taasisi za ukaguzi zinahitaji wakaguzi, vyama vya ushirika vinahitaji meneja anayeweza kuongea na mnunuzi wa nje na mkulima siku hiyo hiyo.

Na kuna hili la sasa. Umoja wa Ulaya 2023 ulipitisha sheria kwamba kahawa, kakao, mawese, mpira, soya, mbao na ng'ombe visiingie sokoni kwao kama vimetoka kwenye ardhi iliyokatwa msitu baada ya Desemba 2020, na mnunuzi aonyeshe mahali shamba lilipo. Kwa mashamba yasiyozidi hekta nne, nukta moja tu kwenye ramani inatosha, yanayozidi hapo unachora mipaka yote. Utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja lakini wanunuzi wameshaanza kudai hizo taarifa, na ushirika wenye wakulima elfu kadhaa hauwezi kuzikusanya kwa wiki mbili. Kama kwenye intanshipu yako ulishika orodha ya wakulima au ulitembea mashambani na simu ukichukua nukta, andika hilo juu kabisa kwenye CV, kabla hata ya shahada. Kama hukufanya na bado una wiki zimebaki, muombe msimamizi akupeleke siku moja na wanaofanya.

Barua ya mapendekezo iombe kabla hujaondoka, wakati msimamizi bado anakumbuka ulichofanya, na mpelekee orodha ya kazi zako asitunge. Namba za simu za viongozi wa vikundi ulivyofanya navyo omba ruhusa ya kubaki nazo, kuna waajiri watawapigia hao kabla hawajampigia bosi wako.